Maji ya Paa kwa Bustani ya Nyumbani

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mwenye kibustani nyuma ya nyumba yako mjini, leo tutazungumza juu ya maji ya mvua yanayoanguka juu ya paa lako.

Ukikaa katika miteremko ya Mlima Meru, au jijini Arusha chini yake, hali hii unaijua. Mwezi wa Aprili maji yanashuka kwenye bati kwa kishindo, yanachimba shimo chini ya upenu, yanapita uani na kuingia korongoni. Kutoka hapo yanafika Mto Themi au Mto Nduruma, na mwisho yanakwenda zake Kikuletwa. Mwezi wa Septemba, katika nyumba ileile, binti anaamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya ndoo, na mchicha uani umekauka. Kule juu wanakotumia mifereji ya asili, ile iliyochimbwa na babu zetu wa Kimeru na Kiarusha, zamu ya maji inachelewa, na walioko chini wanawanung'unikia walioko juu.

Watu wengi husema kwamba tatizo ni mvua, haitoshi. Sasa basi, kabla ya kuilaumu mvua, tupige hesabu. Hesabu yenyewe siyo ngumu. Ukijua kuzidisha, utaiweza. Na ukiimaliza utajua mambo mawili: paa lako linatoa maji mengi kuliko unavyofikiri, lakini pipa lako linaweka maji machache kuliko unavyofikiri. Asiyejua jambo la kwanza hategi maji kabisa. Asiyejua la pili hutega, halafu mwezi wa Agosti anakata tamaa na kusema kazi hii haina faida.

MVUA YETU INAVYOKUJA

Kwetu huku mvua huja mara mbili kwa mwaka. Masika ni kuanzia Machi hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi. Vuli ni Novemba na Desemba. Kati ya vuli na masika kuna jua la Januari na Februari. Baada ya masika kuna kiangazi kirefu, kuanzia Juni mpaka Oktoba.

Lakini mvua hiyo haigawanyiki sawasawa. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, nao huzuia mawingu. Upande wa kusini na kusini-mashariki, kama vile Nkoaranga na sehemu za juu ya Tengeru, hupata mvua nyingi, na ndiyo maana huko kuna migomba na kahawa. Upande wa kaskazini na magharibi, kama vile Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, ni mkavu. Kwa hiyo usichukue hesabu ya shemeji yako wa Nkoaranga ukaitumia Oldonyo Sambu.

Tena mvua haina ahadi. Vuli ya mwaka 2021 na ya mwaka 2022 ilikuwa haba katika sehemu nyingi za kaskazini, na wafugaji wa Longido, Monduli na Simanjiro walipoteza mifugo mingi. Vuli ya mwaka 2023 ikaja na El Niño, maji yakawa ya kumwagika. Mwenye tangi hawezi kuizuia mvua wala kuiita, lakini anaweza kuchukua ya wiki hii akaitumia mwezi ujao.

PAA LAKO LINATOA MAJI KIASI GANI

Kanuni ni hii: mvua ya milimita 1 ikianguka mahali penye ukubwa wa mita 1 ya mraba, inatoa lita 1 ya maji. Ishike hiyo, maana hesabu zote zinatoka hapo.

Chukua utepe upime nyumba yako chini, ukihesabu mpaka pale upenu unapoishia. Usipande kupima mteremko wa bati. Mvua huanguka kutoka juu, haijali bati limelala au limesimama. Tuseme nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Zidisha, unapata mita za mraba 60. Basi kila milimita 1 ya mvua inakupa lita 60, yaani ndoo tatu za lita 20.

Sasa ije mvua ya jioni moja ya Aprili, ya milimita 20. Hiyo ni lita 1,200. Maji mengine yataruka nje, mengine yatavuja, mengine yatalowanisha bati tu. Toa sehemu moja ya tano. Zinabaki lita 960, au ndoo 48. Jioni moja, nyumba moja.

Mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, paa hilohilo litatoa, baada ya kutoa ile sehemu ya tano, lita 38,400. Mahali pakavu penye milimita 500 litatoa lita 24,000. Hata huko kukavu, ndugu mkulima, hizo ni ndoo 1,200 zilizokuja zenyewe mpaka mlangoni, bila mtu kuzibeba kichwani.

BUSTANI INAKUNYWA KIASI GANI

Tuta la mboga lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 linatosha kuipa nyumba mchicha, mnafu, loshuu au sukumawiki mara kadhaa kwa wiki. Wakati wa jua kali tuta hilo linahitaji kama ndoo moja ya lita 20 kwa siku.

Pipa la kawaida linachukua lita 200. Hizo ni ndoo 10, yaani siku 10 za tuta moja. Kwa hiyo pipa haliwezi kukuvusha kiangazi, na usilidai jambo hilo. Kazi ya pipa ni kuvusha mboga katika siku zile za jua zinazokuja katikati ya masika na katikati ya vuli, pale mbegu zinapokuwa zimeota na mvua inasimama wiki moja. Miche mingi hufa katika wiki hiyo. Pipa moja likiwa limejaa, haifi. Na mvua ikirudi, pipa linajaa tena. Pipa linalojaa na kumwagwa mara kumi katika masika moja limekupa lita 2,000.

Tangi la lita 5,000 ni habari nyingine. Tuanze Julai mosi likiwa limejaa. Julai, Agosti, Septemba na Oktoba ni siku 123. Gawanya ndoo 250 zilizomo kwa siku hizo, unapata ndoo mbili kwa siku. Si tatu, ni mbili. Hayo ndiyo maji yako mpaka vuli. Swali linalobaki ni moja tu: ndoo hizo mbili ni za nani?

NDOO YA KWANZA NI YA KUNYWA

Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu huku kwetu Meru kuna jambo ambalo halipo kila mahali.

Mlima wetu ni wa volkano. Maji ya chini ya ardhi yakipita katika miamba yake huyeyusha madini yaitwayo floraidi. Floraidi kidogo haina ubaya, lakini ikizidi inaharibu meno ya watoto tangu yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, nayo hutoka yakiwa na mabaka ya kahawia. Kila mtu wa Arusha ameyaona meno hayo. Ikizidi sana, na kwa miaka mingi, huingia hata katika mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu mpaka miligramu 4, maana vyanzo vingi havikuweza kufikia kile kikomo cha chini. Siku hizi kiwango chetu nacho ni 1.5. Lakini ziko chemchemi, visima na vijito kuuzunguka mlima huu vinavyozidi hapo, vingine mara nyingi.

Wako wanaodhani kwamba wanaweza kuyatambua maji mabaya kwa macho. Pale Maji ya Chai jina lenyewe linataja rangi. Lakini rangi unaiona, floraidi huioni. Haina rangi wala harufu. Tena ukichemsha maji huitoi. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki chunguni. Na magadi ya kupikia maharage na makande nayo huweza kuongeza floraidi katika chakula, kwa hiyo mama mwenye watoto wadogo na apunguze magadi.

Maji ya mvua hayakupita katika miamba. Yametoka mawinguni, na floraidi yake ni kidogo mno. Kwa hiyo katika nyumba yenye watoto wadogo, hasa wasiofika miaka minane, ndoo ya kwanza ya tangi ni ya kunywa na kupikia. Watu sita wakitumia lita tatu tatu kila mmoja, ndoo moja inatosha. Ichemshe au itie dawa, maana ndege na vumbi la paa huleta vijidudu. Ndoo ya pili ndiyo ya bustani.

Utasema, je, hapa tumeiacha bustani? Hatukuiacha. Tumeipatia ndoo yake isiyogombaniwa. Kwa kufua, kuoga na kusafisha nyumba, endelea na maji ya bomba, ya kisima au ya mfereji. Ukitaka kujua floraidi ya chanzo chako, peleka maji yapimwe. Kituo cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya utafiti wa kuondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na wataalamu wa maji wa wilaya watakueleza utaratibu.

KUTEGA MAJI

Vifaa vinavyohitajika ni gata, bomba la kushusha maji, pipa au tangi, na kitu cha kufunikia.

Gata, yaani mfereji wa bati au wa plastiki unaofungwa chini ya ukingo wa paa, uteremke kidogo kuelekea upande wa tangi. Sentimita 1 kwa kila mita 1 inatosha. Nyumba ya mita 10 itashuka sentimita 10. Ukiuweka sawasawa bila mteremko, maji yatasimama na mbu watazaliana. Ukiuteremsha mno, upande wa juu utakaribia bati na upande wa chini utaachana nalo, na mvua kubwa itaruka nje. Funga vishikizo karibu karibu, maana gata iliyojaa maji ni nzito. Kama huna fedha ya pande zote mbili, anza na upande mmoja. Nusu ya paa ni bora kuliko shimo chini ya upenu.

Mvua ya kwanza baada ya jua kali usiiingize. Mwezi wa Oktoba bati limejaa vumbi, mavi ya ndege, majani ya mgrevilea na masizi ya jikoni. Lizungushe bomba la kushushia limwage nje. Kwa paa letu la mita za mraba 60, ndoo mbili au tatu za mwanzo zikishapita, bati limeoshwa. Hapo rudisha bomba kwenye tangi. Maji hayo machafu nayo yasipotee. Yaelekeze kwenye shina la mgomba.

Msingi wa tangi ufanyiwe kazi kweli. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Usiliweke tangi juu ya miti iliyochomekwa ardhini wala juu ya matofali yaliyopangwa bila saruji. Likianguka linaua mtoto. Jenga jukwaa la mawe na saruji, lenye kimo cha kuwezesha ndoo kukaa chini ya koki. Koki iwekwe juu kidogo ya kitako, ili tope libaki chini.

Funika. Pipa lililo wazi huzaa mbu kwa muda wa wiki moja hivi, na mtoto mdogo anaweza kutumbukia kichwa chini. Mfuniko mzito na kitambaa cha chandarua mdomoni vinamaliza mambo hayo mawili. Giza la ndani pia huzuia ukungu wa kijani usiote.

Mwisho, fikiria maji ya kufurika. Tangi likijaa saa mbili usiku na mvua ikiendelea mpaka alfajiri, maji yanakwenda wapi? Udongo wa volkano ni mwepesi kumomonyoka, hasa upande ule mkavu. Weka bomba la kufurikia, lielekee kwenye shimo la migomba au papai lililojazwa majani na samadi. Lisimwage kwenye ukuta wako, wala kwa jirani. Korongo huanza na mfereji mdogo kama huo.

KUITUMIA NDOO YA BUSTANI

Sasa tumefika penye kazi yenyewe. Kukinga maji ni kazi ya fundi, ya siku moja au mbili. Kuyatumia ni kazi ya kila siku, na hapo ndipo watu hupishana.

Kwanza, usimwagilie kwa mazoea. Miezi ya Juni, Julai na sehemu ya Agosti hapa Arusha ni ya baridi na mawingu, na udongo haukauki upesi. Chomeka kidole ardhini. Ukikuta unyevu, acha, rudi kesho. Mboga zilizokwisha shika mizizi huweza kukaa siku mbili au tatu. Kila ndoo usiyoitumia Julai utaihitaji Septemba na Oktoba, jua linapokuwa kali na upepo unavuma. Weka alama kwenye tangi, ujue mwisho wa kila mwezi maji yamefika wapi. Mwisho wa Agosti yasiwe chini ya nusu.

Pili, funika udongo kwa majani makavu ya migomba, nyasi au maganda ya maharage, unene wa vidole vinne. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, na umwagilie penye shina. Kumwaga maji juu ya majani saa sita mchana ni kuliogesha jua.

Tatu, tengeneza tuta la kufaa mahali pako. Upande wa mvua nyingi, tuta la kuinuka ni sawa. Upande mkavu, chimba tuta lizame kidogo chini ya usawa wa ardhi, ili maji yasikimbie. Mwenye uwanja mdogo mjini, kama Sakina au Sombetini, apande mboga katika gunia la udongo uliochanganywa na samadi, na katikati asimamishe nguzo ya kokoto ya kupitishia maji.

Nne, maji yakiwa machache, kitalu kwanza. Ndoo moja inaweza kulea miche mia kadhaa. Mwezi wa Oktoba sia mbegu kitaluni, na mvua za vuli zikianza miche yako iko tayari kuhamishiwa shambani, wakati wengine ndio kwanza wanatafuta mbegu. Anayefika na mboga katika soko la Tengeru kabla ya wenzake anajua tofauti ya bei.

Tano, maji ya mvua huusaidia udongo wenyewe. Mahali ambapo watu humwagilia kwa maji yenye magadi, ardhi huganda juu na kuwa na ukoko mweupe. Maji ya paa hayana chumvi hiyo.

Sita, maji ya kuoshea mboga na mchele yaende bustanini. Ya kufulia yenye sabuni yapeleke kwenye migomba, usiyamwage juu ya mboga za kula.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Ndugu baba, mara nyingi wewe ndiye unayeamua kama fedha ya kahawa au ya maziwa itanunua bati jipya, redio au gata. Kabla hujaamua, hesabu ndoo zinazoingia nyumbani kwako kwa siku moja ya Septemba, halafu uulize ni nani aliyezibeba, na alitoka saa ngapi. Siyo lazima tangi kubwa mwaka huu. Mwaka wa kwanza gata ya upande mmoja na pipa. Mwaka wa pili pipa la pili, lililounganishwa na la kwanza. Wanawake wengi hununua matangi kwa zamu kupitia vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Gata zisafishwe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari kabla ya masika, na Oktoba kabla ya vuli.

Ukitaka msaada kuhusu mbegu na miche, muone bwana shamba au bibi shamba wa kata yako, au fika Kituo cha Utafiti wa Kilimo Tengeru, kinachoshughulika na mboga na matunda.

MAMBO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Wazee watakumbuka kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walipokutana kusikiliza, kujadili na kisha kutenda. Nanyi baada ya kusoma haya, kutaneni mjadili:

1. Paa la nyumba ya kila mmoja wetu lina mita za mraba ngapi? Mvua ya milimita 10 italipa ndoo ngapi?

2. Katika kijiji au mtaa wetu, ni chanzo gani cha maji kimepimwa floraidi, na kipi hakijapimwa? Nani atapeleka maji?

3. Shule na zahanati yetu zina mapaa makubwa. Maji yake yanakwenda wapi wakati wa masika?

4. Je, tukianza na nyumba tatu zenye watoto wadogo, ni nyumba zipi, na kazi ianze siku gani?

Swali la nne lisiachwe bila tarehe. Andikeni tarehe hiyo, na mtu wa kwenda kununua gata. Kwa leo tunaishia hapo, ndugu mkulima. Tunakutakia kazi njema.